Tathmini ya michezo shuleni ianzie kwenye daftari la mahudhurio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna shule zinavyojitathmini katika michezo na vilabu. Kikao cha tathmini kikikaa, swali la kwanza huwa ni vikombe vingapi vimeletwa na timu imefika hatua gani. Mwalimu wa michezo husimama akasoma matokeo ya mechi, wajumbe wakapiga makofi, ajenda ikafungwa. Ni nadra kusikia mjumbe akiuliza ni watoto wangapi hawajagusa mpira tangu muhula uanze. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake halimo katika kabati la vikombe. Limo katika daftari la mahudhurio.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayomfanya aheme. Takwimu za shirika hilo za 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma hawakufikia kiwango hicho. Wasichana wasiokifikia walikuwa asilimia 85, wavulana 78. Kikosi cha wachezaji 18 kinachokwenda mashindanoni hakiwezi kuziba pengo la ukubwa huo, hata kikirudi na vikombe vyote.

Kuhesabu kwenyewe kuna mtego. Tuseme shule ina wanafunzi 600. Soka ina 36, netiboli 24, riadha 40, kwaya 45 na klabu ya midahalo 30. Ukijumlisha unapata 175, na ripoti inaandikwa kwamba asilimia 29 ya wanafunzi wanashiriki. Sasa chukua majina, yapange kwa alfabeti, futa yanayojirudia. Mara nyingi utakuta mkimbiaji wa mita 400 ndiye winga wa soka, tena ndiye sauti ya besi ya kwaya. Wakibaki watoto 98, ushiriki wa kweli ni asilimia 16. Hapo hapo andika upande wa pili: watoto 502 hawamo popote. Orodha ya hao 502, kwa darasa na kwa jinsia, ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika tathmini. Nayo haihitaji fedha, ni kazi ya mwalimu mmoja na mchana mmoja, mradi madaftari ya vilabu yawe yamejazwa kila wiki na si kwa kumbukumbu siku ya ukaguzi.

Baada ya hapo kapime dakika. Kipindi cha michezo cha dakika 40 kwenye ratiba si dakika 40 za mwili kufanya kazi. Nenda uwanjani na saa, chagua watoto watatu bila kuwaambia, mmoja hodari, mmoja wa kawaida na mmoja anayejificha nyuma ya wenzake, kisha hesabu dakika ambazo kila mmoja yuko mbioni kweli. Mfano mzuri ni foleni ya kuruka chini. Watoto 40, shimo moja la mchanga. Kila mruko, ukijumlisha kukimbia, kupima na kusawazisha mchanga kwa reki, unakula karibu dakika nzima. Maana yake kila mtoto ataruka mara moja na kusimama dakika 39. Mwalimu amechoka, watoto wamechoshwa na jua, na mazoezi hayakuwapo. Dawa yake ni kugawa darasa katika vituo vinne vya watoto kumikumi: kituo cha shimo, cha kuruka kamba, cha mbio fupi za kupokezana vijiti, cha kurusha mpira mzito kwa mikono miwili. Kila baada ya dakika nane piga filimbi, makundi yahame. Vifaa ni vilevile, uwanja ni uleule, na dakika za kazi zinapanda kutoka moja hadi ishirini na zaidi.

Uwanja nao lazima upimwe, na hapa niruhusu nikawie kidogo, kwa sababu makosa ya uwanja huwanyima watoto haki bila wao kujua. Shule nyingi hazina nafasi ya njia ya mita 400. Njia ya mita 200 inaenea katika eneo la takriban mita 90 kwa 50 ikiwa na njia nne za kukimbilia. Chora mstatili wa mita 40 kwa mita 37.80. Ili uwe na hakika kwamba pembe zake ni za mraba, pima kutoka kona hadi kona inayoikabili: pande zote mbili zisome mita 55.03. Pande za mita 40 ndizo sehemu zilizonyooka. Katikati ya kila upande wa mita 37.80 piga kigingi, funga kipimo, kisha zungusha nusu duara la mita 18.90. Huo ndio mstari wa ndani. Mkimbiaji huhesabiwa kuwa anapita sentimita 20 nje ya mstari huo, na ukipiga hesabu kwa mita 19.10 utaona mizunguko miwili ya kona inatoa mita 120, ambazo pamoja na mita 80 zilizonyooka zinatimia 200. Tumia futikamba ya chuma au waya usiovutika. Kamba ya nailoni huvutika, na kosa la sentimita 20 tu katika nusu kipenyo huongeza au kupunguza zaidi ya mita 1.2 katika mzunguko mmoja.

Kila njia iwe na upana wa mita 1.22. Kisha linakuja jambo linalokosewa karibu kila mahali: kupanga nafasi za kuanzia. Wengi hukadiria kwa macho au kwa hatua za miguu. Kwa mbio za mzunguko mmoja kamili ndani ya njia, kila njia isogezwe mbele mita 7.67 kuliko ile iliyo ndani yake, na kwa nusu mzunguko mita 3.83. Kipimo hiki hakibadiliki hata uwanja uwe mdogo au mkubwa, kwa kuwa kinatokana na upana wa njia peke yake. (Uwanja rasmi wenye ukingo ulioinuka una tofauti ndogo: njia ya pili husogezwa mita 7.04, kwa sababu njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni.) Mtoto wa njia ya nne akianzishwa sambamba na wa kwanza katika mzunguko mzima, amekimbizwa mita 23 za ziada, halafu anaambiwa hana mbio. Ameachwa nje ya timu kwa sababu ya chokaa iliyopigwa vibaya, na mwaka unaofuata hajiandikishi tena.

Kupima muda nako kuna kanuni zake. Anayeshika saa asingoje kusikia mlio wa kuanzisha mbio kutoka mita 100, kwani sauti huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kumfikia. Abonyeze anapoona moshi, bendera au vibao vikikutana. Wapimaji wawe watatu kwa mshindi: wawili wakilingana, muda wao ndio unaoandikwa, wote watatu wakitofautiana, unaandikwa wa katikati. Saa ya mkono ikionyesha 12.31, andika 12.4, si 12.3. Katika kupokezana vijiti mara 4 kwa 100, eneo la kupokezana ni mita 30 tangu kanuni zilipobadilishwa mwishoni mwa 2017, lakini bado unakuta viwanja vimepigwa mita 20 na watoto wanaondolewa kwa kosa ambalo halipo tena.

Vifaa vya kurusha vipimwe kwenye mizani, visiaminiwe kwa kutazamwa. Tufe la wasichana walio chini ya miaka 18 ni kilo 3, la wavulana wa umri huo ni kilo 5. Mkuki ni gramu 500 kwa wasichana na 700 kwa wavulana. Tufe la mwanamume mzima ni kilo 7.26, na kumpa hilo mvulana wa miaka 14 kwa kuwa ndilo lililopo stoo ni kumtafutia jeraha la bega na kiwiko, tena unamfundisha kusukuma kwa mtindo mbaya utakaomganda. Eneo la kuangukia tufe na kisahani ni rahisi kulichora: ukifika mita 20 kutoka katikati ya duara, mistari miwili iwe imeachana mita 12. Hakuna mtu kuvuka mbele mpaka wote wamemaliza kurusha na mwalimu ametoa ishara. Vifaa vinafuatwa kwa kutembea. Mkuki unabebwa wima, ncha ikiwa chini. Majani yakilowa, kurusha kunaahirishwa, kwa kuwa mguu ukiteleza kifaa hutoka upande usiotarajiwa.

Shimo la kuruka liwe na upana wa mita 2.75 hadi 3, mchanga ulainishwe kwa jembe kila kabla ya mazoezi, uloweshwe kidogo na uwe usawa mmoja na ubao wa kurukia. Mchanga ulioshikana ni mgumu kama sakafu, na visigino ndivyo vinavyolipa. Kuhusu kuruka juu sina maneno mawili: pasipo godoro nene la povu, mtindo wa kuangukia mgongo, ule aliouonyesha Dick Fosbury katika Olimpiki ya Mexico City 1968, upigwe marufuku. Mchanga hautoshi. Watoto waruke kwa mtindo wa mkasi na watue kwa miguu.

Tathmini iulize pia yanayotokea mambo yakiharibika. Kuna karatasi iliyobandikwa yenye namba ya kupiga, jina la mwenye ufunguo wa geti, na gari litakalotumika? Sanduku la huduma ya kwanza liko uwanjani au limefungiwa ofisini? Mtoto aliyegongwa kichwa akayumba, akalalamika kichwa au akauliza swali lilelile tena na tena, anatolewa mchezoni na harudi siku hiyo, hata mechi iwe fainali, na hata yeye mwenyewe asisitize kwamba yuko sawa. Akirudi siku nyingine, arudi hatua kwa hatua na kwa idhini ya mganga. Anayechanganyikiwa au kuzimia kwa joto apozwe kwanza: kivulini, maji mengi mwilini, apepewe, na kama kuna pipa la maji baridi aingizwe humo huku kichwa kikishikiliwa nje. Kumpakia garini akiwa bado anachemka ni kupoteza dakika zinazookoa maisha. Ngurumo ikisikika, wote waingie ndani ya jengo, wasiende chini ya mti, na mchezo usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Magoli yanayohamishika yafungwe kwa vigingi au yawekewe mifuko ya mchanga kwa nyuma. Watoto hupenda kuning'inia juu yake, na goli la chuma likimwangukia mtoto laweza kumuua.

Mambo ya kupasha mwili moto yasichukuliwe kuwa ya wachezaji wa kulipwa tu. Programu ya FIFA 11+ ina mazoezi 15, huchukua kama dakika 20 na haihitaji chochote zaidi ya mpira na alama za kukimbilia. Utafiti uliofanywa Norwei kwa wasichana wa soka wa miaka 13 hadi 17, ukachapishwa 2008, ulikuta majeraha kwa jumla yamepungua kwa takriban theluthi moja. Sharti ni kuifanya kila wiki. Kuifanya siku ya mechi pekee hakusaidii. Na upande wa pili, kuna watoto wanaofanyishwa kazi kupita kiasi kwa sababu ni hodari: asubuhi riadha, jioni soka, Jumamosi timu ya mtaa. Kipimo ambacho madaktari wa michezo hukitumia ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 13, saa 13, ukijumlisha na za nje ya shule. Bila kuyaweka madaftari ya timu zote pamoja hutajua amefikisha ngapi.

Chukua pia orodha ya timu na tarehe za kuzaliwa. Kama umri unahesabiwa kuanzia Januari, gawanya majina kwa robo za mwaka. Utashangaa waliozaliwa Januari hadi Machi walivyojaa na waliozaliwa Oktoba hadi Desemba walivyopungua. Watafiti wa Kanada waliliona hilo katika hoki ya vijana miaka ya 1980, na limeonekana tena katika soka na michezo mingine mingi. Tunachokiita kipaji mara nyingi ni miezi kumi ya kukua. Tiba si kuwapendelea wadogo. Mchujo usiwe mmoja mwanzoni mwa mwaka na mlango ukafungwa. Ufanyike kila muhula, na kuwe na timu ya pili inayopewa mwalimu, vifaa na mechi zake.

Wasichana huacha michezo zaidi wanapobalehe, na shule huandika sababu kuwa hawapendi. Uandishi huo ni wa haraka mno. Mazoezi yanaisha giza likiwa limeingia? Kuna choo chenye mlango unaofungika na maji karibu na uwanja? Wanalazimishwa kaptura fupi pale ambapo suruali au sketi ndefu ya michezo ingetosha? Uwanja mkubwa ni wa nani siku za Ijumaa? Marekani ilipopitisha sheria ya 1972 ya kukataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, wasichana katika michezo ya sekondari huko walikuwa hawajafika 300,000. Leo wamepita milioni 3. Kilichobadilika ni viwanja, walimu, ratiba na fedha.

Wenye ulemavu wasipewe kazi ya kutunza nguo za wenzao. Voliboli ya kukaa inahitaji uwanja wa mita 10 kwa 6 na wavu ulioshushwa hadi mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Mpira ni uleule na wasio na ulemavu wanaweza kucheza nao. Tufe hurushwa kutoka kwenye kiti kilichofungwa vizuri ardhini. Asiyeona hukimbia na mwenzake wakiwa wameshika kamba fupi, ila huyo mwenza lazima azoeshwe naye mapema, kwa kuwa ndiye anayetangulia kusema kona inapoanza.

Kwa vilabu visivyo vya michezo nitakuwa mfupi, maana kasoro yake kubwa ni moja: watazamaji wengi, watendaji wachache. Klabu ya midahalo ikiwa na wanachama 46 na wasemaji watatu kila upande, 40 wanakaa wakisikiliza, na wasemaji ni walewale kila wiki. Wagawe katika meza za watu wanane, wazungumze wote kwa dakika mbilimbili, mmoja akishika saa na mmoja akiandika hoja. Katika maigizo hesabu pia wanaoshona mavazi, wanaopaka rangi mandhari na wanaoandika, mradi kazi hiyo wanaifanya kweli. Klabu isiyokuwa na kitu cha kuonyesha mwisho wa muhula, iwe ni gazeti la ukutani, bustani, onyesho au shindano la ndani, kwa kawaida ilikufa wiki ya nne na daftari likaendelea kujazwa.

Bajeti isomwe kwa mtoto mmoja mmoja. Gawanya fedha za kila timu kwa idadi ya wanaoshiriki, kisha tenganisha nauli na posho za safari na fedha za mipira, nyavu na chokaa. Pale ambapo safari moja ya timu imekula fedha ambazo zingenunua mipira ya shule nzima kwa mwaka, wazazi wana haki ya kuiona hesabu hiyo. Na mlezi wa klabu apunguziwe vipindi au alipwe kwa saa hizo. Vilabu vingi hufa kwa sababu mlezi amepewa vitatu kwa pamoja, vyote siku moja.

Mwisho waulizwe walioacha. Maswali matatu yanatosha, kwa karatasi isiyo na jina: ulijiunga na nini, uliacha lini, kitu gani kingekurudisha. Karatasi zisikusanywe na mwalimu wa timu husika. Wakiandika wengi kwamba walikuwa wanakaa benchi mechi zote, au walikuwa wanatukanwa, hilo liandikwe katika ripoti kwa maneno hayo hayo bila kulainishwa.

Naomba kamati za shule ziifanye kazi hii katika wiki ileile ya kila muhula ili takwimu ziweze kulinganishwa, na ripoti isizidi kurasa mbili: watoto wangapi tofauti wameshiriki, wangapi hawamo popote, dakika zilizopimwa, majeraha yaliyotokea na sababu zake, fedha kwa kila mtoto, na marekebisho matatu yenye jina la mhusika na tarehe. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo mahali ambapo mwanafunzi na mzazi wataisoma, kando ya matokeo ya mechi.

Wako,
Mwalimu wa michezo na mlezi wa vilabu